Kuwamba au Kuvisha?

Kwenye tafsiri yangu ya mwongozo wa kutengeneza boksi la spika za gari, pale panapoelezwa kulifunika kwa vinili, nilikuwa nimeshaandika "kuwamba". Neno lilinipendeza. Ni la ngoma: ngozi huvutwa juu ya mzinga, ikakazwa, ikaachwa ikauke. Kabla ya kukabidhi kazi nilimwonyesha fundi wa viti vya magari, Gerezani, Dar es Salaam. Alisoma mstari mmoja, akacheka.

"Sisi tunavisha, mzee wangu. Ukiliwamba, si ngozi italia yenyewe?"

Kweli. Ngozi ya ngoma hukazwa juu ya uwazi ili itikisike. Ya boksi hulazwa juu ya ubao, na kazi yake ni kunyamaza. Upepo ukibaki chini yake, besi ikipiga, hapo patatetemeka. Ndiyo maana fundi hupiga msasa kwanza, akafuta vumbi, akapaka gundi pande zote mbili, ubaoni na mgongoni mwa vinili, kisha akasubiri mpaka kidole kikigusa hakitoki na gundi. Hulaza kuanzia kati, kiganja kikisukuma upepo kwenda kingoni. Akikosea kulaza, amekosea. Gundi ile ikishashikana haibanduki kwa hisani. Kwenye pembe hupasha kwa draya ya saluni, vinili ikalegea, akaivuta na kuikunja kama bahasha, maungio akayaficha chini. Tundu la spika halikatwi duara. Huchanwa kutoka katikati kama maganda ya chungwa, kila ncha ikakunjiwa ndani. Ukimtazama utadhani anamvalisha mtoto shati linalombana.

Jina la kitu chenyewe nalo lina mkanganyiko. Wengi husema leza, ingawa hakuna ng'ombe aliyehusika. Wengine husema reksini, kutokana na Rexine, ngozi bandia ya Uingereza iliyokuwa kitambaa kilichopakwa nitroselulosi. Haikuwa vinili hata kidogo. Mimi nimebaki na vinili, jina lenye asili ya neno la Kilatini la mvinyo, japo msomaji anaweza kufikiria santuri. Hatakuwa mbali sana, maana santuri na hata bomba la maji ni ndugu wa ukoo huo.

Bomba ni gumu, leza ni laini, na tofauti yao ni kilainishi. Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich huko Marekani, alikuwa akitafuta gundi ya kushikisha mpira kwenye chuma. Alichopata ni PVC, yaani vinili hiyo hiyo, inayopindika. Lakini kilainishi hakitulii. Gari likishinda juani, huhamia polepole kwenye gundi na kuilainisha nayo, na kingo zikaanza kuinuka. Boksi langu la kwanza lilibanduka hivyo hivyo, nami nikalaumu mikono yangu kumbe kosa lilikuwa gundi niliyochagua. Zipo zinazostahimili kilainishi, na fundi yule anaijua yake kwa rangi ya kopo.

Basi nimeandika "kuvisha boksi vinili". "Kuwamba" sikulitupa. Kurasa mbili mbele kuna kile kitambaa chepesi kinachovutwa juu ya fremu mbele ya spika, chini yake pakiwa wazi ili sauti ipite. Hicho kinawambwa.