Kiwango, Uwezekano na Mgawanyo: Istilahi za Kuhesabu Vifo Katika Historia ya Maradhi Mkoani Kagera

Mfasiri anayepewa taarifa ya afya aitie katika Kiswahili hukutana mapema na maneno matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchukuliwa kuwa ndugu wa tumbo moja: idadi, kiwango na uwezekano. Akiyachanganya, sarufi yake haitaharibika, na huenda hata mhariri asione kosa. Lakini mtumishi wa wilaya atakayeitegemea tafsiri hiyo aweza kupeleka dawa, wauguzi na fedha mahali pasipostahili. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa kufuata historia ya maradhi mkoani Kagera, kwa nini maneno hayo yatenganishwe, na kwa nini liongezwe la nne, yaani mgawanyo.

Jina la ugonjwa

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walionekana mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla istilahi haijapatikana, watu walikwisha kuupa ugonjwa huo jina: waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiingizwa kutoka Uganda kwa magendo. Jina hilo halikuwa la kitabibu, lakini lilibeba maelezo ya chanzo, kwani lilimnyooshea kidole mfanyabiashara wa mpakani.

Istilahi UKIMWI ilipoingia, wako walioifafanua kuwa ni ukosefu wa kinga mwilini, na wengine wakasema upungufu wa kinga mwilini. Neno upungufu ndilo lililoshika, na lilistahili. Ukosefu ni kutokuwapo kabisa. Upungufu ni hali inayokubali kupimwa, ikawa kubwa au ndogo. Hapo tayari lugha ilikuwa imepiga hatua kutoka katika kutaja jambo kuelekea katika kulipima.

Wastani wa mkoa na hali ya Kibingo

Mwaka 1987 watafiti walipima damu za watu wazima katika sehemu mbalimbali za mkoa. Walikuta kwamba asilimia 9.6 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Hata hivyo, ndani ya wastani huo zilijificha tofauti kubwa: Bukoba mjini ilikuwa asilimia 24.2, Karagwe asilimia 4.5, na eneo la Ngara na Biharamulo asilimia 0.4 tu. Kibingo, ambayo ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, wakati huo ilihesabiwa katika Karagwe, maana Kyerwa ilitengwa kuwa wilaya mwaka 2012. Mtu aliyeisemea Karagwe kwa wastani wa mkoa alikuza ukubwa wa tatizo zaidi ya mara mbili. Na aliyeisemea Bukoba mjini kwa wastani huohuo alilipunguza chini ya nusu.

Tena hapana budi kukumbuka kwamba asilimia 4.5 haikuwa kiwango cha vifo, wala haikuwa uwezekano wa mkazi wa Kibingo kufa. Ilikuwa sehemu ya watu wazima waliokutwa na virusi wakati wa kupimwa. Kiwango cha vifo huhesabiwa kwa kulinganisha vifo na watu wote wa mahali fulani katika muda maalumu, kwa mfano vifo kwa kila watu 1,000 kwa mwaka.

Hata kiwango cha vifo kikipatikana kwa usahihi, hakisemi nani anayekufa. Kabla ya UKIMWI, mtu aliyepanga vifo kwa umri aliona vilima viwili: kimoja cha watoto wachanga, kingine cha wazee. UKIMWI uliinua kilima cha tatu katikati, palipo na watu wa umri wa kulima na kulea. Vijiji viwili vyaweza kuwa na kiwango kimoja cha vifo, kimoja kikizika wazee wake, kingine kikizika wazazi na kuwaachia mabibi mayatima. Umbo hilo la vilima na mabonde ndilo tunaloliita mgawanyo.

Hesabu ya tukio la nadra

Elimu ya kuhesabu vifo ina historia ndefu. Mwaka 1662 John Graunt wa London alichapisha uchambuzi wa orodha za vifo vya mji huo. Mwaka 1837 Mfaransa Poisson alitoa kanuni ya matukio ya nadra, na mwaka 1898 Bortkiewicz aliijaribu kwa takwimu za askari wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Katika hesabu 200, kila moja ikiwa ya kikosi kimoja kwa mwaka mmoja, 109 hazikuwa na kifo chochote, 65 zilikuwa na kimoja, 22 viwili, 3 vitatu, na 1 vinne. Kanuni ilibashiri karibu vivyo hivyo. Kikosi kilichopata vifo vinne hakikuhitaji kutafutiwa mchawi wala kamanda mzembe.

Tuchukue mfano wa kijiji kinachotarajiwa kupata wastani wa vifo viwili kwa mwezi. Kwa kanuni ya Poisson, katika miezi 100 yapata 13 itapita bila msiba, na yapata 5 itakuwa na vifo vitano au zaidi, ingawa hatari yenyewe haikubadilika hata kidogo. Kwa hiyo mwezi mmoja wa misiba mingi si ushahidi wa kutosha kwamba ugonjwa umezidi, wala mwezi wa kimya si ushahidi kwamba umekwisha.

Jambo hili lilizingatiwa katika uchunguzi wa kaya zaidi ya 800 za Kagera uliofanywa kati ya 1991 na 1994 na Benki ya Dunia pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili kujua kifo cha mtu mzima huiathirije kaya. Hata wakati wa janga, katika kaya chache zilizochaguliwa kwa bahati tu, vifo vya watu wazima vingekuwa haba mno. Kwa sababu hiyo watafiti walihakikisha kwamba maeneo yenye vifo vingi na kaya zenye wagonjwa zimeingizwa kwa wingi zaidi.

Pale kanuni inapogoma

Kanuni ya Poisson hudai kwamba tukio moja lisivute jingine. Mateke ya farasi yanatimiza sharti hilo. Ugonjwa wa kuambukiza hautimizi. Mume humwambukiza mke, na muuguzaji huambukizwa na mgonjwa wake. Vifo huja kwa mafungu, na mtawanyiko wake huuzidi ule unaobashiriwa.

Tena iko hatari ya hesabu ndogo. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulizuka katika Wilaya ya Bukoba: walihesabiwa wagonjwa 9, wakafa 6. Mwaka 2025 ulizuka Biharamulo: walihesabiwa 10, wakafa wote 10. Je, ugonjwa ulikuwa umekuwa mkali zaidi? Kati ya hao 10, wawili tu walithibitishwa kwa vipimo. Wanane walidhaniwa kuwa nao, na walikuwa wamekwisha kufa kabla mlipuko haujathibitishwa. Aliyeugua mapema akapona hakuwa na njia rahisi ya kuingia katika orodha. Mfasiri akiandika kwamba kiwango cha vifo kilikuwa asilimia 100, msomaji aweza kudhani kwamba wilaya nzima iliangamia.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi yafuatayo. Idadi ya vifo iwe hesabu tupu. Kiwango cha vifo kilinganishe vifo na wakazi wote katika muda uliotajwa. Uwiano wa vifo kwa wagonjwa ulinganishe waliokufa na waliougua. Uwezekano ubaki kwa jambo ambalo bado halijatukia. Mgawanyo uwe umbo la jinsi vifo vinavyopangika kwa umri, mahali au wakati, na mtawanyiko uwe kipimo cha kuachana kwake na wastani. Wako wanaopenda kuita mgawanyo mtawanyo. Hatuoni ubaya wa neno lenyewe, ila likikaa karibu na mtawanyiko, mwanafunzi atayachanganya.

Istilahi hizi hazimponyi mgonjwa. Lakini mganga wa zahanati ya Kibingo anaposoma waraka kutoka wilayani, anayo haki ya kujua kama tarakimu iliyo mbele yake inahusu kata yake, mkoa mzima, au wale wachache walioingizwa katika orodha.