Mgongo unauma: Wewe ni wa kuogopa au wa kujikaza?

Watu wawili wana maumivu yaleyale ya kiuno. Mmoja haendi hata dukani kwa miguu, anahofia mgongo "utaachia". Mwingine Jumamosi anafua, anadeki nyumba nzima na kubeba ndoo, halafu Jumapili hanyanyuki kitandani.

Ukiwaambia wote "fanya mazoezi", utamsaidia mmoja na huenda ukamuumiza mwingine.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020, na huenda wakafika milioni 843 ifikapo 2050. Katika wagonjwa 10, takribani 9 hawaonekani na chanzo mahususi. Kwa hiyo namna mtu anavyoyachukulia maumivu ina uzito mkubwa.

Wanaoogopa

Mwaka 2000 watafiti Johan Vlaeyen na Steven Linton waliandika kwa kina kuhusu mzunguko huu. Maumivu yanaleta hofu, hofu inamfanya mtu asijishughulishe, mwili unapoteza nguvu, kisha kazi ndogo tu inauma. Hofu inazidi.

Mara nyingi hofu hiyo inaanzia kwenye majibu ya vipimo. Mtu anaambiwa disiki zimechakaa, basi, anajiona mlemavu. Lakini uchambuzi wa mwaka 2015 ulikuta uchakavu wa disiki kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 ambao hawana maumivu yoyote. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96.

Na kulala sio dawa. Huko Helsinki, Finland, utafiti wa mwaka 1995 uliwafuatilia wafanyakazi 186 wa jiji waliopatwa na maumivu ya ghafla. Walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza walipona haraka kuliko walioambiwa walale siku 2.

Wanaojikaza kisabuni

Hawa huwa tunawasifia, ndiyo maana hawaonekani kama wana shida. Mtafiti wa Ujerumani, Monika Hasenbring, aliwagawa katika aina mbili: wanaojilazimisha huku moyoni wamechoka na wana huzuni, na wanaojichangamsha kana kwamba hakuna kitu. Wote wanaupita uwezo wa mwili, misuli haipati muda wa kupumzika, na maumivu yanakuwa sugu.

Ufanye nini?

Kama ni mwoga, anza na kile unachokiogopa, kidogo kidogo. Tembea dakika 10 leo, ongeza chache wiki ijayo.

Kama ni wa kujikaza, pumzika kwa saa, usisubiri mpaka iume. Fua nusu, kaa, malizia baadaye, hata siku ambayo unajisikia vizuri. (Hapo ndipo wengi hushindwa.)

Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 kwa maumivu sugu unapendekeza mazoezi, elimu na tiba ya kisaikolojia. Ile mikanda ya mgongo haipendekezwi kama tiba ya kawaida.

Yote haya yasikucheleweshe hospitali ukiona haja ndogo au kubwa inakutoka bila kujijua, ganzi sehemu za siri, mguu kuishiwa nguvu, homa, kupungua uzito bila sababu, au maumivu yameanza baada ya ajali.