Historia ya Kitufe cha "Nakubali"

Anayefungua akaunti ya Facebook, Instagram au TikTok hufunga mkataba, ingawa hakukaa mezani na mtu wala hakushika kalamu. Hubonyeza neno "Nakubali", na kuanzia hapo kampuni huhesabu kwamba ameyaridhia masharti yote, yakiwemo yanayohusu picha zake, namba zilizohifadhiwa katika simu yake na mahali anapokwenda. Wengi wetu hatukuyasoma. Ili kuelewa kwa nini sheria ilikubali kuliita tendo hilo ridhaa, na kwa nini baadaye ilianza kulitilia shaka, inatupasa kurudi hadi karne ya 19, kwenye stesheni ya reli.

Reli ilileta hali ambayo mahakama hazikuizoea. Kampuni moja ilihudumia maelfu ya wasafiri kwa siku, na haikuwezekana kupatana na kila mmoja peke yake. Kwa hiyo masharti yaliandikwa mara moja, yakachapishwa nyuma ya tiketi, na kila msafiri akapewa yaleyale. Katika stesheni ya Charing Cross mjini London, msafiri mmoja aitwaye Parker aliacha begi lake mahali pa kuhifadhia mizigo na kupewa tiketi yenye maneno ya kumwelekeza atazame upande wa pili. Begi lilipotea. Yeye alidai pauni 24 na shilingi 10, nayo kampuni ikajibu kwamba, kwa masharti yaliyo nyuma ya tiketi, haiwajibiki kwa mzigo unaozidi thamani ya pauni 10.

Mwaka 1877 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliagiza kesi hiyo isikilizwe upya, na katika kufanya hivyo ikaweka kanuni iliyodumu. Swali kuu halikuwa kama msafiri alisoma, bali kama kampuni ilichukua hatua za kutosha kumjulisha kwamba masharti yapo. Ikiwa ilifanya hivyo, alifungwa nayo hata kama hakuyatupia jicho. Kanuni hii ilivuka bahari pamoja na utawala wa kikoloni, na hadi leo Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inaitambua sheria ya mikataba ya Kiingereza kuwa msingi wake.

Kanuni hiyo ilikuwa na faida zake, kwa kuwa iliharakisha biashara na kupunguza gharama. Lakini wanasheria waliona mapema upande wake wa pili. Mwaka 1943, Friedrich Kessler, msomi wa sheria aliyekuwa amehamia Marekani kutoka Ujerumani, aliandika kwamba mikataba ya namna hii, ambayo mmoja huandika na mwingine huchagua tu kati ya kukubali na kuondoka, inaweza kuwapa wakubwa wa viwanda na biashara uwezo wa kujenga ukabaila mpya. Onyo lake lilihusu bima na viwanda. Kompyuta ndizo zilizolipa uzito zaidi.

Mwaka 1996, mahakama ya rufaa mjini Chicago iliamua kesi ya mtu aliyenunua programu yenye orodha ya namba za simu, huku masharti yakiwa ndani ya boksi. Jaji Frank Easterbrook alisema mnunuzi alifungwa nayo, kwa sababu alipata nafasi ya kuyasoma na kurudisha bidhaa. Mwaka 2002, mahakama ya rufaa mjini New York iliweka mpaka. Kampuni ya Netscape ilikuwa imeyaweka masharti chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo mtu hakuyaona kabla ya kupakua programu, na Jaji Sonia Sotomayor alieleza kwamba huko si kukubali. Kwa kampuni, somo lilikuwa wazi: ukitaka mahakama ikuunge mkono, mwoneshe mtumiaji kwamba masharti yapo, kisha mpe kitufe abonyeze. Kitufe hicho kilikuwa ushahidi wa kupeleka mahakamani, wala hakikukusudiwa kumfanya mtu aelewe.

Hadi hapo masharti yalihusu zaidi mipaka ya wajibu wa muuzaji. Mambo yalibadilika pale huduma zilipotolewa bure na kulipiwa na matangazo. Facebook ilianza mwaka 2004, na kadiri ilivyokua, mapato yake yalitegemea kumjua mtumiaji kwa undani. Kwa hiyo masharti yakabeba kazi mpya, yaani kuchukua idhini ya kukusanya na kutumia taarifa za watu. Katika kesi ya 1877 msafiri alihatarisha begi, lakini sasa kilichokuwa rehani ni maisha yake ya kila siku.

Februari 2009, Facebook iliondoa katika masharti yake sehemu iliyosema kwamba haki yake juu ya maudhui ya mtumiaji hukoma yanapofutwa. Watu walipogundua walilalamika kwa nguvu, na ndani ya siku chache kampuni ikarudisha masharti ya zamani. Iliahidi pia kwamba mabadiliko makubwa yatapigiwa kura, na kwamba matokeo yataifunga endapo asilimia 30 ya watumiaji watashiriki. Desemba 2012 iliitisha kura kuhusu mabadiliko yaliyojumuisha kuufuta utaratibu huohuo. Walipiga kura watu wapatao 668,000, na takriban asilimia 88 walipinga. Lakini watumiaji walikuwa wamezidi bilioni moja, kiwango hakikufikiwa, na utaratibu wa kura ukafutwa.

Kwa nini watu hawasomi? Wapo wanaosema ni uvivu. Wengine hutaja urefu na lugha ya kiwakili, na wana hoja nzito: mwaka 2008 watafiti Aleecia McDonald na Lorrie Cranor walikadiria kwamba Mmarekani angehitaji takriban saa 200 kwa mwaka kusoma sera za faragha za tovuti anazotembelea. Maelezo ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi. Hata anayesoma kila mstari hawezi kubadilisha neno moja, na akikataa hubaki nje ya mahali walipo ndugu zake, wateja wake na kikundi cha wazazi wa shule. Mtu huacha kusoma anapojua kwamba kusoma hakutabadili chochote.

Udhaifu wa ridhaa ya namna hii ulionekana na dunia nzima mwezi Machi 2018. Magazeti ya Uingereza na Marekani yalifichua kwamba programu ya maswali ya mtafiti Aleksandr Kogan, iliyowekwa katika Facebook na watu wapatao 270,000, ilikuwa imevuna pia taarifa za marafiki zao, na kwamba kampuni ya ushauri wa kisiasa ya Cambridge Analytica ilizipata. Facebook ilikadiria kwamba waliohusika wangeweza kufika milioni 87. Rafiki mmoja alikubali, na mamia wakatolewa bila kuulizwa. Habari hiyo iligusa pia Kenya, kwa sababu wakuu wa Cambridge Analytica walirekodiwa kwa siri na kituo cha televisheni cha Uingereza, Channel 4, wakijigamba kuhusu kazi yao katika chaguzi za nchi hiyo za 2013 na 2017. Kama mbinu zao ziligeuza kura ni jambo ambalo watafiti wengi wanalitilia shaka, na majigambo ya mfanyabiashara si ushahidi. Hata hivyo, kuchukuliwa kwa taarifa hakuna ubishi, na Julai 2019 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza Facebook faini ya dola bilioni 5.

Ulaya ilikuwa imeanza njia tofauti. Mwaka 2011, Max Schrems, mwanafunzi wa sheria kutoka Austria, aliiomba Facebook nakala ya taarifa zake, akapata zaidi ya kurasa 1,200, yakiwemo mambo aliyodhani ameyafuta. Tarehe 25 Mei 2018 kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data ilianza kutumika. Inataka ombi la ridhaa litenganishwe na masharti mengine, liandikwe kwa lugha nyepesi, na kuiondoa ridhaa kuwe rahisi kama kuitoa. Facebook ilijibu kwa kudai kwamba matangazo yanayomlenga mtu binafsi ni sehemu ya mkataba wenyewe, hivyo ridhaa haihitajiki. Siku ileile kanuni ilipoanza kutumika, shirika la Schrems liliwasilisha malalamiko. Mdhibiti wa Ireland, anayeisimamia kampuni hiyo barani Ulaya, mwanzoni aliona hoja ya kampuni ina mashiko, lakini bodi ya wadhibiti wa Ulaya ilimpinga, na Januari 2023 kampuni ikatozwa faini ya yuro milioni 390. Mlango uliofichwa ndani ya mkataba ukafungwa.

Afrika nayo haikukaa kimya. Januari 2021, WhatsApp iliwataka watumiaji wakubali sera mpya ifikapo tarehe 8 Februari. Wengi waliogopa kwamba ujumbe wao utasomwa. Hofu hiyo haikuwa sahihi, lakini kuhamisha taarifa nyingine kwenda Facebook kulikuwa kumeanza tangu 2016, na ni wachache waliojua. Watu walikimbilia programu za Signal na Telegram, na kampuni ikasogeza tarehe hadi Mei 15. Julai 2024, tume ya ushindani na ulinzi wa walaji ya Nigeria iliitoza Meta, kampuni mama ya Facebook na WhatsApp, dola milioni 220 kwa sababu ya sera hiyo, na Aprili 2025 baraza la rufaa likaithibitisha faini hiyo.

Katika ukanda wetu, Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, na Rwanda mwaka 2021. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Raia anaweza kuiomba kampuni imwoneshe inachojua juu yake, kuondoa ridhaa aliyoitoa, na kulalamika kwa Kamishna wa Data nchini Kenya au kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nchini Tanzania. Haki hizo zilipatikana kwa sababu watu waliuliza na kushtaki, na zitabaki na nguvu iwapo tutazitumia. Anayebonyeza "Nakubali" leo bado anafunga mkataba, lakini hajauza haki ya kuhoji, na ni wajibu wa serikali zetu kuhakikisha kwamba swali lake linajibiwa.