Shairi Lililofungiwa Maandazi

Nilijifunza kusoma kwenye karatasi za kufungia maandazi. Mama muuzaji wa kona yetu, pale Tanga, alinunua magazeti ya zamani kwa kilo. Kila asubuhi nilirudi nyumbani na kipande chenye madoa ya mafuta: nusu ya habari ya bunge, tangazo la kazi lililopitwa na wakati na, nikibahatika, beti mbili tatu za shairi. Mwisho wa shairi sikuuona.

Mashairi mazima alikuwa nayo babu. Aliyakata magazetini na kuyabandika kwenye daftari la hesabu kwa gundi ya unga. Mimi nilidhani ni uzee tu.

Tukumbushane kidogo. Gazeti la Msimulizi lilianza 1888 Kiungani, Zanzibar, mikononi mwa wamisionari wa Kiingereza. Enzi ya Wajerumani, Kiongozi likachapwa hapa hapa Tanga. Januari 1923 Mwingereza akaanzisha Mambo Leo jijini Dar es Salaam, gazeti la serikali lililotoka kila mwezi. Serikali ilikuwa na nia zake, lakini wasomaji nao walikuwa na zao. Shaaban Robert alichapisha mashairi humo. Mshairi wa mji huu alitupa swali, wa mji mwingine akajibu kwa vina, na wasomaji wakasubiri mwezi ujao waone nani kashinda. Baraza la Nairobi na Uhuru la Dar es Salaam nayo yaliwapa washairi nafasi.

Kisha ukaja mtandao. JamiiForums ilianza 2006, na mjadala uliokuwa ukingoja barua kwa mhariri ukawa wa dakika moja. Simu za kisasa zilipoenea, matangazo yakahama, na gazeti hulishwa na matangazo kuliko bei inayolipwa na msomaji. Siku hizi kurasa za mbele zinasambazwa WhatsApp alfajiri, redio inazisoma kwa sauti, na ikifika saa tatu kila mtu "ameshasoma gazeti" bila kununua hata moja. Nakiri, na mimi nimo.

Sitaki kuulaani mtandao. Bila huo wewe usingenisoma hapa, na mshairi wa leo hahitaji kumbembeleza mhariri. Ila kuna jambo limenifika. Miaka kadhaa iliyopita niliandikia tovuti moja insha kumi na mbili kuhusu ushairi. Siku moja nikaifungua, haipo. Nadhani mwenyewe aliacha kuilipia. Sikuwa na nakala, kwa kuwa niliamini kilichowekwa mtandaoni hakipotei. Insha zote kumi na mbili zilikwenda hivyo, wakati daftari la babu la miaka ya sitini bado linasomeka.

Nikataka kusema karatasi imeshinda. Halafu nikakumbuka maandazi. Maelfu ya nakala za magazeti yale yale ziliishia kwenye mafuta na moto wa jikoni. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imehifadhi baadhi, lakini haya ya kwetu yalipona kwa sababu mzee mmoja alikuwa na mkasi na subira. Kwenye simu zetu nani anafanya kazi hiyo?

Mwezi huu nimeanza kulipiga picha daftari, ukurasa kwa ukurasa, na kuweka nakala sehemu tatu. Katikati nimekuta shairi la swali, na chini yake babu ameacha nafasi tupu, upana wa safu moja ya gazeti. Alikuwa akingoja jibu. Sijui kama halikuandikwa, au lilitoka likafungiwa maandazi. Kama kwenu kuna sanduku la mzee lenye vipande vya magazeti, usilitupe kabla hujalifungua.