Shaba Ilipita, Jiwe Halikufika

Mwishoni mwa miaka ya 1860 mfanyabiashara Said bin Habib alikuwa magharibi ya Ziwa Tanganyika na mali iliyowashinda wapagazi wake. David Livingstone, aliyekuwa huko wakati huo, aliandika kwamba mtu huyo alikuwa amekusanya frasila 150 za pembe za ndovu na frasila 300 za shaba ya Katanga, na kwamba kwa wapagazi mia moja ilimbidi kuurudia kila mwendo mara nne. Frasila 300 ni karibu tani tano. Shaba hiyo yote ilikuwa imekwisha kuyeyushwa, na wala hatusikii habari ya mtu aliyebeba jiwe lenyewe: malakaiti ya kijani au azuraiti, ndugu yake wa buluu iliyokolea, ambayo fuwele zake nzuri leo hukaa nyuma ya vioo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Kwa hiyo watu wa Ujiji, Uvinza na nyanda za juu za Buha, kuanzia Kabanga na Kasulu hadi Kibondo, waliijua shaba vizazi vingi kabla ya mtu yeyote kuwaonyesha inakotoka. Ninadai kwamba pengo hilo lina historia na sababu zake, na kwamba kuliziba, yaani kuhifadhi mawe pamoja na habari za mahali yalipochimbwa, ni kazi yetu sisi. Si anasa ya wageni.

Tuanze na waliolijua jiwe kabla ya wote. Wachimbaji wa Katanga, kusini mwa Kongo ya leo, wanaokumbukwa kwa jina la wala shaba, walifanya kazi yao wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani. Wanawake na watoto waliokota vipande vya kijani juu ya ardhi, wanaume wakachimba mashimo kufuata mshipa. Mawe yalichambuliwa na kuoshwa mtoni, kisha yakaingia katika matanuri yaliyojengwa kwa udongo wa vichuguu, kwa moto wa mkaa na mivukuto. Rangi ndiyo iliyokuwa kipimo chao. Azuraiti na malakaiti huzaliwa karibu na uso wa ardhi, pale maji ya mvua yenye gesi ya kaboni yanapopenya miamba yenye shaba na kuiacha upya katika nyufa. Azuraiti yenyewe aghalabu hugeuka malakaiti kadiri miaka inavyopita, na ndiyo maana Katanga ina kijani kingi kuliko buluu. Mchambuzi aliyeweza kutenga jiwe zuri na takataka kwa jicho na kwa uzito mkononi alikuwa na elimu ya madini iliyokamilika kwa kazi yake. Uthibitisho umo makaburini Sanga, katika bonde la Upemba, ambako wanaakiolojia waliofukua kuanzia 1957 walikuta wafu waliozikwa na mapambo ya shaba ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na katika makaburi ya baadaye misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Mkusanyo wa kwanza wa mawe ya shaba katika ukanda huu ulifanywa na watu hawa, ingawa walikusanya ili kuchoma.

Kwa nini basi jiwe halikusafiri? Jibu liko begani mwa mpagazi. Azuraiti safi ina takriban asilimia 55 ya shaba, malakaiti kidogo zaidi ya 57. Kinachobaki ni oksijeni, kaboni na maji. Jiwe la mgodini huwa na mwamba mtupu juu ya hayo. Mtu mwenye mzigo wa frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, angetembea miezi akibeba uchafu kwa zaidi ya nusu ya nguvu zake. Wasumbwa, majirani wa Buha upande wa mashariki, waliokwenda Katanga kutafuta shaba tangu mwanzoni mwa karne ya 19, waliijua hesabu hiyo vizuri. Kutoka kwao alitokea Msiri, aliyefika huko katikati ya karne, akajenga dola ya Wayeke yenye makao Bunkeya, na kuishika biashara ya shaba na pembe hadi alipouawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa kapteni Stairs. Ugumu wa njia uliongeza sababu. Misafara kati ya Tabora na Ujiji ilipita Uvinza au kukatiza Buha, ambako wakubwa wa nchi walidai hongo, yaani ushuru wa kupita. Msafiri Stanley, mwaka 1871, alilipa vitambaa mara kadhaa na mwishowe akaamua kupenya porini usiku ili asitozwe tena. Katika njia ambayo kila mzigo hulipiwa, hakuna anayebeba kitu kisichouzika. Jiwe liliachwa Katanga kwa sababu ya hesabu, wala tusidhani kwamba wazee wetu hawakuwa na jicho la kuona uzuri wake.

Mkono wa tatu, baada ya mchimbaji na mfanyabiashara, ulikuwa wa mwanasayansi, na huu ndio uliolibeba jiwe lenyewe. Jules Cornet, mwanajiolojia wa Kibelgiji aliyefika Katanga na msafara wa Bia na Francqui wa 1891 hadi 1893, aliyaona machimbo ya wenyeji na kuyatumia kama ramani ya utajiri uliokuwa chini. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, na 1911 shaba ya kwanza ya kiwanda ikamiminwa Lubumbashi. Mawe yaliyotoka katika machimbo hayo yalipelekwa Ubelgiji, yakachunguzwa, na madini kadhaa ambayo sayansi haikuwa imeyaandika yakapewa majina; moja, la buluu kutoka mgodi wa Étoile karibu na Lubumbashi, linaitwa kornetaiti kwa heshima ya Cornet. Leo makumbusho ya Tervuren, jirani na Brussels, ni miongoni mwa mahali pa kwanza duniani pa kujifunza madini ya Kongo. Hadithi kama hiyo ilitokea Tsumeb, Namibia, ambako wenyeji walichimba shaba muda mrefu kabla ya kampuni ya Kijerumani, na ambako mgodi uliofungwa 1996 ulitoa azuraiti zinazohesabiwa kuwa bora kuliko nyingi duniani. Wamarekani nao walilionyesha bonge la azuraiti na malakaiti kutoka Bisbee, Arizona, katika maonyesho ya Chicago ya 1893, na sasa liko New York. Bisbee na New York ni nchi moja. Katanga na Tervuren si nchi moja, na ndipo hoja yangu inapokaza.

Kinachofanya jiwe kuwa ushahidi ni asili yake iliyoandikwa: mgodi upi, kina gani, mwaka gani, limekaa juu ya mwamba wa aina gani. Azuraiti yenye habari hizo humwambia msomaji jinsi maji yalivyopita ardhini na hata mshipa ulivyokuwa kabla ya kumalizwa. Bila habari hizo ni pambo la rangi. Thamani ya kuacha ushahidi ukiwa na anwani yake tunaiona hapa hapa Kigoma, katika chumvi ya Uvinza. Chumvi yenyewe iliyochemshwa huko imeliwa yote na haikubaki hata punje. Lakini vigae vya vyungu, majivu na mashimo ya kuchemshia vilibaki mahali pake, tabaka juu ya tabaka, na wanaakiolojia waliochimba katika miaka ya 1960 waliweza kuonyesha kwamba kazi hiyo ilikuwa ikifanyika tangu takriban karne ya 5 au 6. Bila matabaka hayo tungekuwa na maelezo ya wasafiri wa karne ya 19 tu, na pengine mtu angetuambia kwamba chumvi ya Uvinza ilianza na misafara ya pwani. Hali ya shaba ni kinyume: bidhaa ilidumu katika bangili na misalaba, ila mashimo ya wala shaba yalimezwa na migodi mikubwa iliyochimbwa juu yake. Pale mgodi unapofuta mahali, sampuli yenye maelezo ndiyo tabaka pekee linalosalia.

Wapo watakaosema kwamba jiwe la shaba ni la kuyeyushwa, na kwamba nchi yenye shida haina nafasi ya kuweka mali kabatini. Hoja hii ingekuwa nzito kama sampuli zingeshindana na tanuri, ila hazishindani. Jiwe moja zuri kati ya tani elfu halipunguzi mavuno ya mgodi hata kwa kiasi kinachoonekana katika hesabu, na fuwele kamili mara nyingi huuzwa kwa bei kubwa kuliko shaba iliyomo ndani yake. Tanzania imekwisha kuliona hilo katika tanzanaiti: Juni 2020 serikali ilinunua kwa mchimbaji Saniniu Laizer wa Mirerani mawe mawili makubwa, ya kilo 9.27 na kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Kwa upande mwingine, fikiria Mpanda. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa hadi huko kufikia mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa Mukwamba, uliotoa risasi pamoja na shaba, fedha na dhahabu. Mgodi ukafungwa 1960, reli ikabaki, na wilaya nzima ikakua juu yake. Ni watoto wangapi wa Mpanda au Kasulu waliowahi kushika mkononi kipande cha jiwe lililoileta reli ile? Madini yaliyouzwa yalilipa mara moja. Kipande kilichohifadhiwa kingeendelea kufundisha.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni kwamba ukusanyaji wa mawe mazuri huzaa wizi na magendo. Ni kweli. Palipo na mnunuzi wa fuwele, mchimbaji hushawishika kuitoa kisirisiri, na njia ya siri hufuta kwanza habari za asili, kwa sababu muuzaji wa magendo hawezi kutaja alikolitoa jiwe. Lakini tazama ugonjwa huu unakaa wapi: katika soko lisilo na kumbukumbu. Dawa yake ni daftari, na sheria imekwisha kufungua mlango: Sheria ya Madini ya 2010 na marekebisho ya 2017 yanataka madini yasitoke nchini bila kibali, na masoko ya madini yaliyoanza 2019 yanampa mchimbaji mdogo mahali halali pa kuuza. Kilichobaki ni kuiona sampuli nzuri kama aina ya mali yenye kanuni zake, iandikiwe mahali ilipotoka siku ile ile inapotoka. Na anayesema kwamba desturi hii ni ya kigeni namkumbusha wachambuzi wa Katanga: kutenga jiwe bora na la kawaida ni ujuzi wa Kiafrika wa zaidi ya miaka elfu. Wageni waliongeza kibandiko na kabati, vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kujifunza kwa siku moja.

Mwisho kuna swali la haki kabisa: Kabanga inahusikaje, ilhali azuraiti si jiwe la vilima vyake? Kasulu na Kibondo zimejengwa juu ya mawe ya mchanga na lava za kale, zikiwamo lava za Gagwe zenye umri wa karibu miaka milioni 800, na hakuna anayekwenda huko kutafuta fuwele za buluu. Jibu langu ni kwamba Buha ilikuwa njiani, na historia ya njia ni mali ya waliokaa kando yake sawa na ya waliokaa mwisho wake. Chumvi iliyotoka Uvinza, shaba iliyovuka ziwa, hongo iliyodaiwa na wakubwa wa nchi, reli iliyofika Kigoma 1914 na bandari ambayo Wabelgiji walipewa sehemu yake kwa mkataba wa 1921 ili mizigo ya Kongo ifike baharini, vyote ni sura za habari moja. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma, ambayo mizizi yake ni ofisi iliyoanzishwa 1925, ina mkusanyiko wa miamba na madini, lakini mwanafunzi wa Kigoma yuko mbali nao. Chuo cha Ualimu Kabanga kinalea walimu wanaokwenda kufundisha jiografia na historia katika shule za nyanda hizi. Kabati moja chuoni hapo, lenye chumvi ya Uvinza, lava ya Gagwe, jiwe la Mpanda, malakaiti na azuraiti ya Katanga, kila kimoja na maandishi ya mahali na mwaka, lingegharimu kidogo kuliko madawati ya darasa moja. Mwalimu aliyefunzwa mbele yake ataweza kuwaeleza wanafunzi, kwa ushahidi wa kushikika, kwamba bangili za mababu zao zilikuwa jiwe kabla ya kuwa shaba, na kwamba walikuwapo Waafrika waliojua kulisoma.