Chuma cha Kale na Dhamiri ya Mnunuzi: Historia Fupi ya Pikipiki za Italia



Juma hili tunawaalika tutembee pamoja hadi Italia, si kwa ajili ya makanisa yake wala michoro yake, bali kwa ajili ya chombo ambacho wengi wetu hatujazoea kukipa heshima ya historia: pikipiki. Katika nchi ile wapo watu wengi ambao hutumia jioni zao na akiba zao kutafuta, kununua, kubadilishana na kufufua pikipiki zilizotengenezwa miaka 50, 70 na hata 100 iliyopita. Kwa mpita njia, kazi hiyo yaonekana kuwa mchezo wa watu wazima. Lakini tukiitazama kwa utulivu, tutaona ya kuwa ndani yake mna maswali mazito. Kitu kilichopitwa na wakati kina thamani gani? Nani mwenye haki ya kukipangia bei? Na je, tunapokitengeneza upya, twakihifadhi au twakifuta?

Ili tuyajibu maswali hayo, yatupasa kwanza kujua vyombo hivyo vilitoka wapi.

Mjane mmoja na marafiki watatu

Mwaka 1911, katika mji wa Pesaro ulio kando ya bahari ya Adriatiki, mjane aitwaye Teresa Benelli alichukua mtaji wa familia na kuwafungulia wanawe sita karakana ya kutengeneza baiskeli na pikipiki. Hakuwa na ndoto ya kuanzisha jina litakalovuma duniani. Nia yake ilikuwa ya mama yeyote: wanawe wapate kazi ya kudumu. Karakana ile ikakua, ikawa kiwanda, na jina Benelli lingali limeandikwa juu ya matangi ya pikipiki hadi leo.

Miaka michache baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vijana watatu walikutana katika kikosi cha anga cha jeshi la majini la Italia. Carlo Guzzi alikuwa fundi. Giorgio Parodi na Giovanni Ravelli walikuwa marubani. Wakaahidiana kwamba vita vikiisha wataunda pikipiki yao wenyewe. Vita vikaisha, lakini Ravelli hakuiona ahadi ikitimia, kwani alifariki mwaka 1919 katika ajali ya ndege. Wenzake wawili waliendelea, na mwaka 1921 kampuni ya Moto Guzzi ikaanzishwa, karakana zake zikiwa Mandello del Lario, kando ya ziwa Como. Kwa kumkumbuka rafiki yao, waliweka alama ya tai aliyetandaza mabawa. Kila anayesugua kutu kwenye tangi la Guzzi la kale na kuliona bawa la tai likijitokeza chini ya uchafu, anagusa kumbukumbu ya urafiki huo.

Pikipiki yao ya kwanza iliyouzwa iliitwa Normale. Ilikuwa na silinda moja iliyolala kuelekea mbele ili ipozwe na upepo wa safari, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 498, na nguvu za farasi 8 tu. Upana wa silinda ulikuwa milimita 88, na mwendo wa pistoni milimita 82. Vipimo hivyo viwili vilitumika tena katika Falcone ya mwaka 1950, iliyobeba polisi wa nchi ile kwa miaka mingi, na vikaendelea hadi uzalishaji wa Nuovo Falcone ulipokoma mwaka 1976. Ni nadra sana katika ufundi wa injini vipimo vilevile kudumu zaidi ya nusu karne.

Kutoka vitani hadi barabarani

Vita Kuu ya Pili iliiacha Italia katika magofu. Kiwanda cha Ducati, kilichoanzishwa Bologna mwaka 1926 kwa ajili ya vipuri vya redio, kilipigwa mabomu tarehe 12 Oktoba 1944. Familia ya Agusta ilikuwa imeishi kwa kuunda ndege, na baada ya vita kazi hiyo ilikatazwa. Piaggio nao, kule Pontedera, walikuwa waundaji wa ndege ambao kiwanda chao kilibomolewa.

Lakini watu walihitaji kwenda kazini, na mafuta yalikuwa haba. Mwaka 1946 Ducati walianza kutengeneza injini ndogo ya sentimita za ujazo 48, iliyobuniwa Torino na Aldo Farinelli, ambayo ilifungwa kwenye baiskeli ya kawaida. Iliitwa Cucciolo, yaani kitoto cha mbwa, kwa sababu ya mlio wake. Mwaka huohuo mhandisi wa ndege Corradino D'Ascanio aliwabunia Piaggio chombo kilichoitwa Vespa, yaani nyigu. Nao akina Agusta wakaanza kuunda pikipiki kwa jina la MV, kwa heshima ya kijiji cha Verghera. Ndivyo viwanda vilivyohudumia vita vilivyoanza kuhudumia safari ya mfanyakazi, ya mkunga na ya muuza mboga. Sisi tunaoijua pikipiki kama chombo cha riziki tutaelewa upesi: vitu hivi ambavyo leo vinawekwa nyuma ya vioo vilizaliwa kwa ajili ya mkate wa kila siku.

Furaha nayo haikukosekana. Mashindano ya barabarani ya Milano hadi Taranto, na yale ya Motogiro d'Italia yaliyoanza mwaka 1953, yaliwatoa watu majumbani kuwashangilia vijana waliokuwa wakipita na vumbi usoni. Kisha ukaja mwaka 1957. Mwezi Mei, katika mbio za magari za Mille Miglia, gari moja lilipoteza mwelekeo karibu na Guidizzolo na kuua watazamaji, miongoni mwao watoto. Serikali ikapiga marufuku mbio za namna hiyo barabarani. Mwaka uleule Guzzi, Gilera na Mondial walijitoa katika mashindano ya ubingwa wa dunia kwa sababu ya gharama, na Fiat wakatoa gari dogo la Nuova 500. Baba wa familia aliyekuwa akimpakia mke na mtoto kwenye pikipiki sasa aliweza kuota gari lenye paa.

Pikipiki zikaanza kusukumwa mabandani. Zilirundikiwa nyasi, kuku wakatagia juu ya viti vyake, nyingine zikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Walioanza kuokota

Hata hivyo walikuwapo wachache waliokataa kutupa. Mwaka 1966 kilianzishwa chama cha ASI, kinachokusanya vyama vya wapenzi wa magari na pikipiki za kale nchini Italia. Shirikisho la pikipiki la nchi hiyo, FMI, nalo lina daftari lake la vyombo vya kihistoria. Safari ya Milano hadi Taranto ilifufuliwa mwaka 1987, si kama mashindano ya kasi bali kama kumbukumbu, na wazee kwa vijana huendesha mashine zao kutoka kaskazini hadi kusini mwa nchi.

Soko la vitu hivi lina utaratibu wake. Kuna maonyesho ya kubadilishana, kama yale yafanyikayo katika uwanja wa mbio wa Imola na yale ya Novegro karibu na Milano. Hapo mtu hutandika turubai chini na kupanga kabureta za Dell'Orto, magneto, taa, vipima mwendo na matangi yaliyobonyea. Mwenye viwili vya aina moja hutafuta mwenye kimoja anachokihitaji. Wanunuzi hupiga magoti, huvaa miwani, na jambo la kwanza wanalolisoma ni namba: ile iliyogongwa kwenye injini na ile iliyogongwa kwenye fremu, kisha huzilinganisha na kitabu cha usajili. Pikipiki yenye namba zake za awali, kitabu chake na kibao chake cha kwanza ina thamani kubwa kuliko inayong'aa bila karatasi.

Na hapa ndipo majaribu yanapoingia. Mwezi Aprili 1972, katika mbio za maili 200 pale Imola, Paul Smart alishika nafasi ya kwanza na Bruno Spaggiari ya pili, wote wakiendesha Ducati zilizobuniwa na Fabio Taglioni. Injini zao hazikutegemea springi katika kufunga vali, bali mkono wa chuma uliozivuta kwa nguvu hadi mahali pake. Mwaka 1974 kiwanda kiliuza nakala zake za barabarani, 750 Super Sport, zenye fremu ya rangi ya kijani cha bahari, na hazikufika sana zaidi ya 400. Kwa kuwa ni chache, bei yake ilipanda mbali juu ya ndugu zake. Basi wapo waliochukua 750 GT ya kawaida, wakaipaka ile rangi ya kijani, wakaivika mavazi ya ndugu yake tajiri. Akisema wazi kuwa ni nakala, hakuna kosa. Akinyamaza na kupokea fedha za asili, huo ni wizi, hata kama mnunuzi ametabasamu. Njia ya mwongo ni fupi, na mara nyingi katika biashara hii huishia kwenye namba ndogo iliyogongwa chini ya silinda.

Kuna jaribu jingine lililo la kimya zaidi. Tuchukue mfano wa mjane mzee aliyebaki na Falcone ya marehemu mumewe ghalani. Kwake ni chuma kinachokula nafasi. Mnunuzi anayejua thamani yake anasimama mlangoni, naye ndiye peke yake ajuaye. Sheria haimlazimishi kusema neno. Lakini dhamiri yamwuliza: je, ujuzi wako umepewa ili kumsaidia jirani au kumnyang'anya? Tunaamini ya kuwa historia ya kweli ya pikipiki hizi, iliyoanza na mjane wa Pesaro aliyetaka wanawe wale kwa jasho lao, haistahili kuendelezwa kwa kumpunja mjane mwingine.

Kufufua bila kufuta

Tusemeje basi juu ya kazi yenyewe ya mikono? Injini iliyokaa miaka 30 bila kuwashwa, pistoni yake huwa imeshikana na silinda kwa kutu. Fundi mwenye pupa huchukua nyundo, naye hupasua. Fundi mwenye subira humimina mafuta mepesi, hufunika, hungoja siku kadhaa, hujaribu kidogo, kisha humimina tena. Huondoa spoki moja moja. Husafisha vitundu vya kabureta vilivyo vyembamba kama sindano. Kila sehemu huifungia katika mfuko na kuiandikia jina, kwa maana anajua ya kuwa kumbukumbu yake si ya kuaminiwa.

Kisha hufika penye uamuzi mgumu: rangi. Zamani wengi walikwangua kila kitu na kupaka upya hadi pikipiki ikang'aa kuliko siku ilipotoka kiwandani. Leo mawazo yamebadilika. Shirikisho la kimataifa la vyombo vya kale, FIVA, lilipitisha mwaka 2012 Mkataba wa Torino, unaohimiza kuhifadhi kwanza, kukarabati pale panapohitajika, na kuweka kumbukumbu ya kila kilichobadilishwa. Maana rangi iliyopauka na tangi lililochakaa pale goti lilipogusa ni ushuhuda wa mtu aliyeishi. Ukiifuta alama ile, umepata kitu kizuri, lakini umempoteza shahidi.

Mwishowe, wasomaji wetu wengi watafurahi kujua kwamba waendesha pikipiki wa Italia wana msimamizi wao. Katika mji mdogo wa Castellazzo Bormida, karibu na Alessandria, kuna patakatifu pa Bikira Maria ambaye wao humwita Madonnina dei Centauri, na mwaka 1947 Papa Pius XII alimtangaza rasmi kuwa msimamizi wa waendesha pikipiki. Kila mwaka mwezi Julai, maelfu yao hukusanyika huko kutoka nchi mbalimbali. Huwakumbuka waliokufa barabarani, na kati ya mashine mpya zenye kishindo huonekana pia zile za kale, zikitembea polepole, zikidondosha mafuta kidogo.

Wapendwa, pengine hakuna kati yetu atakayemiliki Guzzi ya mwaka 1921. Lakini karibu kila nyumba ina kitu kilichorundikwa pembeni: cherehani ya bibi, redio ya baba, baiskeli iliyokosa mnyororo. Kabla ya kukiuza kwa kilo, tumwulize mzee aliye bado hai kilimfikisha wapi, tukaandike jibu lake. Na kama tutakiuza, tuseme kweli juu yake. Na kama tutanunua cha mwenzetu, tumpe kinachomstahili.

Tunawatakia juma jema na lenye amani.