Uhandisi kinyume wa BIOS ya kadi za VGA

Uhandisi kinyume wa BIOS ya VGA ni kazi ya kusoma na kueleza programu iliyomo ndani ya chipu ya ROM ya kadi ya michoro ya kompyuta za zamani aina ya IBM PC, pale ambapo mtengenezaji hakutoa maelezo yake. Msomaji huanza na kitu kilichokwisha kukamilika, akarudi nyuma hadi afahamu kilivyotengenezwa, kama fundi cherehani anayefumua gauni ili apate mkato wake.

Asili ya programu hiyo

IBM PC ya kwanza ilitolewa mwaka 1981. Kadi zake za mwanzo, MDA na CGA, hazikuwa na programu yao wenyewe. Maagizo ya kuziendesha yalikuwa katika BIOS ya bodi mama. Kadi ya EGA ya mwaka 1984 ilikuja na ROM yake, maana BIOS iliyotangulia haikuijua. VGA ilifuata mwaka 1987 pamoja na kompyuta za PS/2. Baadaye kampuni kama Tseng Labs, ATI, Trident, Cirrus Logic na S3 zilitengeneza chipu zinazolingana na VGA, lakini kila moja iliongeza rejista zake. Tofauti hizo ndizo zinazoifanya BIOS ya kila kadi istahili kusomwa peke yake.

Muundo

ROM ya VGA huonekana kwenye kumbukumbu kuanzia anwani C0000 (kwa namba za heksadesimali). Baiti mbili za kwanza ni 55 na AA. Ya tatu hutaja ukubwa kwa mafungu ya baiti 512. Hivyo ROM ya kilobaiti 32 huandikwa 40, yaani mafungu 64. Utekelezaji huanzia baiti ya nne, ambapo kwa kawaida pana agizo la kuruka kwenda mahali pengine. Jumla ya baiti zote lazima igawanyike kwa 256 bila baki, la sivyo BIOS ya bodi mama huikataa ROM hiyo.

Si kila baiti ni agizo, na hapa ndipo wanaoanza hupotea. Sehemu kubwa ni maumbo ya herufi. Seti ya herufi 256 zenye urefu wa mistari 16 huchukua baiti 4,096; ya mistari 14 huchukua 3,584, na ya mistari 8 huchukua 2,048. Jumla ni 9,728, karibu asilimia 30 ya ROM ya kilobaiti 32. Baiti hizo zikipangwa moja chini ya nyingine, na nukta ikachorwa kila penye 1, herufi A hujitokeza wazi. Ni vyema kuzitenga sehemu hizi kwanza, kwa sababu programu ya kufasiri lugha ya mashine ikizichukua kuwa maagizo itatoa upuuzi mtupu.

Namna ya kusoma

Njia rahisi ni kutumia DEBUG ya DOS kutazama kumbukumbu kuanzia C000:0000. Njia ya kuaminika zaidi ni kuing'oa chipu na kuisoma kwa kifaa maalumu, kwa kuwa kompyuta nyingine hunakili BIOS kwenye RAM na nakala hiyo inaweza kubadilishwa. Baadhi ya kadi zina chipu mbili, moja ya baiti shufwa na nyingine ya baiti witiri. Sharti zichanganywe kwa zamu. Ile inayoanza na 55 ndiyo ya kwanza.

Baada ya hapo hutumika programu kama Ghidra, iliyotolewa kwa umma mwaka 2019. Msomaji huanza na sehemu inayoshughulikia INT 10h, ambako namba iliyo katika rejista AH huchagua kazi: 00h hubadili hali ya skrini, 0Eh huandika herufi. Kisha hufuata maagizo ya OUT yanayopeleka thamani kwenye milango ya kadi. Kwa njia hii hufichuka hata kufuli: chipu ya ET4000 ya Tseng Labs haifungui rejista zake za ziada mpaka ipelekewe 03h kwenye mlango 3BFh, kisha A0h kwenye 3D8h.

Sheria

Kusoma si sawa na kunakili. IBM ilichapisha BIOS ya PC yake kitabuni, na aliyeisoma angeweza kushtakiwa kwa wizi wa hakimiliki akiandika yake. Kwa hiyo Phoenix, iliyotoa BIOS yake mwaka 1984, ilitenga makundi mawili: moja lilisoma na kuandika maelezo ya kazi, jingine ambalo halijaona msimbo liliandika upya. Nchini Marekani, kesi ya Sega dhidi ya Accolade ya mwaka 1992 ilikubali usomaji wa namna hii pale ambapo hakuna njia nyingine ya kupata ulinganifu. Programu ya Bochs, inayoiga kompyuta nzima, hutumia BIOS ya VGA iliyoandikwa upya na iliyo huru. PCem na 86Box huhitaji nakala ya ROM halisi, ambayo bado ina mwenyewe.

Wakati huohuo chipu zenyewe zinachakaa. EPROM hutunza data kama chaji ya umeme, nayo huvuja polepole kwa miaka mingi, na upesi zaidi ikiwa karatasi inayofunika kidirisha chake imebanduka na mwanga wa jua ukaingia. Kwa kadi iliyobaki moja tu, kujumlisha baiti zake na kugawanya kwa 256 ndicho kipimo cha kwanza cha kujua kama kilichosomwa bado ni kizima.